Mgeni wa Miaka Thelathini

Makindu,
Ijumaa, 11 Machi 1988

Ndululu,

Salamu leo sina. Zikipatikana baadaye nitakutumia.

Jana ilikuwa Alhamisi, na hoteli yangu haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Madereva wa malori waliacha safari, wakulima waliacha punda nje wakilia, hata Dirie, ambaye mzigo wake ulikuwa unangojewa Mombasa, aliagiza chai ya pili. Wote wanamngoja Mzee Kimanthi. Nikaunganisha televisheni na betri ya lori, ukatokea wewe na unga kichwani, eti ni mvi.

Nitasema ukweli kwanza usije ukadhani ni wivu. Unachekesha. Ile ya juzi, Kimanthi alipouza kuku wa mkewe, kisha akazunguka soko lote kumtafuta aliyemnunua kwa sababu nyumba imekuwa kimya, Shamso, mke wa Dirie, alicheka mpaka akashika ukuta. Na kila unaposimama mlangoni, ukasukuma kofia nyuma, ukakohoa mara mbili na kusema, "Hodi, mimi mgeni wa hapa miaka thelathini," hoteli nzima inakujibu, "Karibu, mgeni!" Watoto wa shule nao wanaingia darasani hivyo hivyo.

Sasa niambie, kofia ile ni ya nani? Kikohozi kile ni cha nani? Umechukua kofia ya Kisilu, kikohozi cha Kisilu, na ile tabia yake ya kupangusa kiti kabla hajakaa, ukampa mtu mwema. Mtu anayempokea mkewe mzigo wa kuni! Mtu anayeomba samahani kwa ajili ya kuku! Ni nani aliyekuruhusu kumpa Kisilu moyo ambao Mungu mwenyewe hakumpa?

Mama anakaa kiti cha mbele kabisa. Anacheka, Ndululu. Tangu nikiwa msichana sijamsikia akicheka hivyo. Watu wa soko wanamwita Mke wa Kimanthi, naye hakatai. Leo asubuhi, tukikanda unga wa mandazi, akaniuliza kama kule Mbumbuni kwa Kisilu kumenyesha. Tangu ahamie kwangu hajawahi kuuliza habari za mvua ya Mbumbuni. Nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Mtoe mtu huyo. Mvue kofia, mponye kikohozi, mfanye Mtaita au Mswahili wa pwani, sijali. Nikimwona tena akiingia kwangu na miguu ya Kisilu nitang'oa waya, na wateja wanitukane wakitaka.

Dada yako,
Syokau


Nairobi,
Jumapili, 20 Machi 1988

Dada Syokau,

Barua yako nimeisoma nikageuza bahasha kuangalia kama ni yangu kweli. Kenya nzima inaniandikia. Wewe peke yako, damu yangu, unanitukana.

Unajua tulikotoka na kazi hii? Vichekesho vyetu vya zamani vilikuwa mtu kulewa akaanguka mtaroni, mtu kuzabwa kofi, mshamba kupotea mjini. Watu walicheka, lakini walimcheka mtu. Mimi nikamwambia prodyusa wetu, Gicheru, tujaribu mtu ambaye watu watacheka kwa sababu wanampenda. Hatuandiki maneno. Tunapatana hadithi inaanzia wapi na inaishia wapi, kisha kamera ikiwashwa mimi na Waringa, yule anayeigiza mke wangu, kila mtu anajitafutia la kusema. Tunaaminiana kama watu wanaobeba ngazi moja. Ndiyo maana inaonekana ya kweli. Mwanamume mmoja wa Matiliku ameniandikia kwamba baada ya kile kipindi ambacho Kimanthi anambebea mkewe mtungi, alimtekea mkewe maji kwa mara ya kwanza. Majirani wakamcheka, naye akacheka pamoja nao, na sasa anateka kila siku. Haya, niambie ubaya uko wapi.

Ndiyo, yule ni Baba. Sikatai. Wewe hukuwepo siku za kutembelewa shuleni. Wazazi wa wengine walikuwa wanakuja na maneno ya kuuliza alama. Baba alikuwa anakuja na mkungu wa ndizi na kofia nyuma ya kichwa, anakohoa mlangoni mwa bweni, na kabla hajakaa darasa zima liko chini kwa kicheko. Wavulana walikuwa wananiambia, "Ndululu, utuazime babako." Hicho ndicho nilichoweka kwenye televisheni. Sikubuni kitu.

Na wewe unamwita Kisilu! Unamwita baba yako kwa jina kama mtu unayegombania naye bei ya maharagwe. Alikukosea nini? Mama aliondoka kwa sababu ya kiangazi cha sabini na sita, akaja kukusaidia hotelini, na wewe ukamng'ang'ania. Hukuolewa, basi ukamwoa mama yako. Samahani, lakini hasira nilizo nazo ndizo ulizonitumia.

Kwa taarifa yako, mwezi uliopita nilikwenda Mbumbuni. Dukani wanakoangalia kipindi, Baba anapewa kiti cha mbele na chai ya bure, watu wanamwita Kimanthi. Nikamwambia, "Baba, Kimanthi asingekaa peke yake miaka yote hii. Nenda kamchukue mke wako. Chukua mbuzi, chukua mzee wa ukoo, vua kofia, uombe." Alilia, Syokau. Machozi yalimtoka mbele yangu. Akija, mpokee kwa heshima.

Ndugu yako,
Ndululu


Makindu,
Jumatano, 30 Machi 1988

Ndululu,

Kwa hiyo ni wewe uliyemtuma.

Alifika Jumatatu, saa ya chai ya saa nne, hoteli imejaa. Mbuzi dume mweupe kwa kamba, mzee mmoja wa ukoo nyuma yake. Akasimama mlangoni. Akasukuma kofia nyuma. Akakohoa mara mbili. Nilikuwa na sufuria ya maziwa ya moto mkononi, na ni Mungu tu aliyenizuia. Akasema, "Hodi, mimi mgeni wa hapa miaka thelathini."

Watu walipiga makofi! Hoteli yangu, viti vyangu, chai yangu, wakampigia makofi Kisilu! "Karibu, mgeni!" Dereva mmoja akasimama, akampisha kiti, naye akakipangusa kwanza. Halafu akamgeukia Mama, akasema neno kwa neno yale uliyosema wewe siku ya kuku: "Nyumba bila wewe imekuwa kimya mpaka nawasikia mende wakitembea." Mama mmoja wa mboga akafuta machozi. Mama yetu alikuwa anachambua maharagwe. Alimtazama, akaniambia nimfunge mbuzi nyuma na nimpe maji. Mpaka sasa yuko huko, na mboga yangu yote ya sukuma ameimaliza.

Desturi unaijua, hata kama Nairobi imekuogesha. Mbuzi wa kumrudisha mke akichinjwa na mke akaonja nyama, maneno yamekwisha, mke anafunga mizigo. Wazee watakuja Jumamosi, tarehe kumi na sita Aprili. Nikimuuliza Mama atafanya nini ananijibu, "Tutaona." Tutaona nini?

Mama aliniapisha nisikuambie haya. Leo navunja kiapo, na kama kuna laana inipate mimi.

Mama hakutolewa Mbumbuni na kiangazi. Kiangazi kilikuwepo, lakini yeye angekufa njaa kwake kuliko kuondoka. Ilikuwa Jumapili. Wageni wa ukoo walikuwa uani wakinywa pombe ya kaluvu, na Kisilu akatoa kile kichekesho chake cha fundi wa nguo aliyesahau sindano ndani ya suruali ya chifu. Unakijua. Wageni wakacheka. Mama alikuwa anawaletea sahani za muthokoi, akaongeza mwisho wake mwenyewe: "Ndiyo maana chifu huyu barazani hakai kamwe, hutuhutubia akiwa amesimama." Wakacheka kumshinda yeye. Mzee mmoja akagonga meza akasema, "Kisilu, kumbe mcheshi wa boma hili si wewe!" Kisilu naye alicheka. Aliwasindikiza wageni mpaka njia panda akicheka nao. Halafu akarudi na mpini wa jembe.

Mkono wa kushoto wa Mama haukunyooka tena. Wewe uliambiwa aliteleza kisimani, ukamwandikia baba yako barua ya kumpa pole. Nakumbuka barua hiyo. Mimi ndiye niliyemtoa Mama pale kwa lori la ng'ombe, na njia nzima hakulia ila kwa jambo moja: "Ndululu asijue. Baba yake ndiye analipa karo. Akijua ataacha shule, ama atachukua panga." Nikanyamaza. Nikakuangalia ukimpenda, kila likizo ukija kwangu na kichekesho kipya cha Baba, na mimi nakukatia mkate.

Umempa kofia. Sasa mpe na mpini. Watu wamwone. Mama amkumbuke kabla wazee hawajafika, asije akafunga mzigo kumfuata mtu wa televisheni na akifika Mbumbuni amkute Kisilu.

Syokau


Nairobi,
Jumanne, 5 Aprili 1988

Syokau,

Sijui nimuanze nani kwa hasira, wewe, Mama, au yule mtu. Nimemaliza Pasaka nzima nikitembea barabarani kama mwendawazimu.

Mliniacha nikae mezani kwake. Mliniacha nicheke kichekesho cha suruali ya chifu, nicheke mpaka machozi, na Mama mkono umekunjwa ndani ya leso. Mwaka jana nilikitoa hewani kama zawadi kwa yule mtu, akanitumia salamu kwamba amefurahi. Amefurahi! Mnasema mlinilinda mimi. Mlimlinda yeye. Mimi mlinifanya mpiga debe wake, nikazunguka Kenya nzima nikimwuza.

Na mimi ndiye niliyemfundisha jinsi ya kuja. Mimi ndiye niliyemwambia avue kofia.

Wiki hii tunarekodi kipindi cha tarehe kumi na nne. Kimepangwa kiwe cha wageni na karamu ya mavuno. Gicheru anadhani Kimanthi ataimba. Haimbi. Mwambie Mama akae mbele.

Ndululu


Makindu,
Ijumaa, 15 Aprili 1988

Ndululu,

Nampa Dirie barua hii aipeleke mwenyewe akipanda Nairobi, maana posta itanichelewesha.

Umefanya nililokuomba, na kama ingewezekana ningekirudisha kipindi kile ndani ya sanduku. Wakati wageni wanamcheka Kimanthi na mkewe akaongeza neno lake, hoteli ilikuwa inacheka. Kicheko kilikuwa bado midomoni mwa watu ulipofika na mpini. Yule msichana anayeigiza mkewe akaanguka magotini, akafunika kichwa. Picha ikakatika pale pale. Halafu dereva mmoja akarusha kikombe ukutani, mwingine akanitukana mimi, kana kwamba mimi ndiye nimempiga mtu.

Mama aliinuka, akaenda mpaka kwenye televisheni, akang'oa waya za betri kwa mkono ule ule mbovu. Akauliza, "Nani amemwambia mtoto wangu?" Nikasema ni mimi. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alichukua shuka lake akaenda kulala kwa Shamso.

Kesho wazee wanakuja. Ameniambia kazi yangu ni kupika chai na kufunga mdomo. Na amemwomba Dirie kisu. Kisu, Ndululu! Nikimuuliza Dirie anajibu, "Mama ameomba, mimi nimkatalie?" Mbuzi amekaa huko nyuma anatafuna, hajui lolote. Nadhani tumemsukuma Mama sisi wenyewe. Nadhani anakwenda.

Syokau


Nairobi,
Jumatatu, 18 Aprili 1988

Dada,

Leo ni Jumatatu na sijasikia neno. Alichinja? Amekwenda? Nijibu hata kwa mstari mmoja, mpe dereva yeyote.

Huku mambo yameharibika. Sikumwambia Waringa. Tulipatana karamu, tukapatana atie neno lake wageni wacheke, na mwisho mimi niimbe. Mpini niliuficha nyuma ya pazia. Nilitaka ashtuke kweli, ili Kisilu dukani kwake aone mwanamke anavyoonekana. Alishtuka. Alipoinuka alinitazama mara moja tu, akatoka studio na leso ya maigizo kiunoni, hajarudi. Gicheru alidhani ni uigizaji mkubwa, akasema usiguswe hata kidogo. Sasa wakubwa wamekisimamisha kipindi na Gicheru ananifokea mimi.

Yule mtu wa Matiliku ameandika tena. Anasema majirani wanampigia kelele njiani na mitungi yake, "Umeona mwalimu wako?" Anasema ataendelea kuteka maji lakini barua zangu nisimtumie. Nilitaka kumvua Kisilu nguo, na aliyebaki uchi ni Kimanthi.

Lakini niseme sijuti? Kisilu aliangalia. Dukani walimgeukia wote, akaondoka kabla chai haijapoa, nimeambiwa na mtu aliyekuwepo. Hapo sijuti! Halafu namkumbuka Waringa, naona aibu. Sijui nisimame wapi. Mama yuko wapi?

Ndululu


Makindu,
Jumanne, 19 Aprili 1988

Mtoto wangu Ndululu,

Anayeandika ni Shamso. Syokau sijamwomba kwa sababu bado nimemkasirikia, na wewe nimekukasirikia kumshinda. Nimemwambia Shamso aandike vile nasema, asitie sukari. (Mimi Shamso naandika vile anasema, na sauti yake imefika gereji.)

Nianze na Jumamosi. Walikuja wazee watatu na Kisilu, wakakaa kwa kivuli cha mabati nyuma ya hoteli. Nilishangaa vile alikuja, baada ya ile ya Alhamisi, lakini Kisilu hajawahi kuona aibu mahali kuna wazee na chai. Akasimama, akakohoa, akasema nyumba iko kimya anasikia mende. Wazee wakatikisa vichwa. Hakuwa na neno hata moja lake mwenyewe. Nililingojea, nikamwacha amalize, labda liko mwishoni. Halikuwepo.

Nikaomba ruhusa nikasema, "Wazee, huyu mbuzi ana ndevu nzuri kumshinda aliyemleta, na siku zote amekaa kwa binti yangu hajanitukana hata mara moja. Kama lazima niende na mmoja, mniachie mbuzi, huyu mwingine arudi na kamba." Wazee walicheka! Mmoja ugoro ulimmwagikia suruali. Hata Syokau, na vile amenuna, alitoa sauti kule jikoni. Mimi sikuwaangalia. Nilikuwa namwangalia Kisilu.

Hakucheka. Alionyesha meno, lakini mkono ulikuwa umekaza fimbo, na uso ulikuwa ni ule alirudi nao kutoka njia panda. Miaka yote hiyo na haujahama mahali. Nikasema asante, nimeona. Nikachukua kisu cha Dirie nikakata kamba, maana Syokau alimfunga huyo mnyama na fundo la hasira, hakuna mtu angefungua. Nikawaambia mbuzi ni wa Mbumbuni, arudi Mbumbuni akiwa mzima. Halafu nikakunjua leso nikawaonyesha mkono, nikawaambia ulivunjwa na nini, na kwa sababu ya neno gani. Mzee mmoja alikuwepo ile Jumapili. Ndiye alisema mcheshi si Kisilu. Alivua kofia akaangalia chini, na hakunywa chai yake.

Hiyo ilikuwa yangu na imekwisha. Sasa nyinyi.

Mlidhani mimi ni mjinga. Mlidhani naangalia kile kioo naona Kisilu, nasahau. Kusahau nini? Huu mkono naulalia. Mara ya kwanza nimemwona Kimanthi nilijua kofia, nikajua kikohozi, nikasema sawa, mtoto ameazima nguo za baba yake. Kilicho ndani ya nguo ni kingine. Kimanthi, mkewe akisema neno la kuchekesha, yeye ndiye hucheka wa kwanza. Anajipiga paja. Anawaambia wageni, "Mmesikia huyu? Mmesikia?" Hicho ndicho nilikuwa naenda kuangalia kila Alhamisi. Watu wengine walikuwa wanamngoja Kimanthi aseme. Mimi nilikuwa nangoja mkewe aseme, ili nione mwanamume akicheka.

Na sitakuficha, nilijiuliza. Ukikaa na kitu kizuri kama hicho unaanza kufikiri, labda na Kisilu anaangalia, labda kimemwingia. Ndiyo nikauliza mvua. Ndiyo nikamwacha mbuzi akae. Nilitaka kumwona kwa macho yangu mbele ya watu, si kwa macho ya Syokau na si kwa mpini wako wa televisheni. Hakuna hata mmoja wenu alikuja akaniuliza, "Mama, unafikiri nini?" Mmoja aliandika kuhusu mimi, mwingine akamjibu kuhusu mimi. Kama mtu amekufa.

Nilikuwa na mwanamume mmoja hapa duniani anayecheka mkewe akisema. Mmoja tu! Si wa kweli, najua, nimeuona unga kwa nywele. Na wewe ukamwekea mpini mkononi.

Na yule niliyemwona Alhamisi hakuwa Kimanthi, wala hakuwa Kisilu. Nilikuona wewe. Mkono niliouosha mimi mwenyewe ukiwa mdogo kama yai, umeinuliwa juu ya mtoto wa watu. Kwa sababu huyo msichana hakuwa anaigiza. Shamso aliniuliza, "Mama, kwani alijua?" Nikamwambia hakujua. Kuna vile mwanamke hufunika kichwa akiigiza, na kuna vile hufunika akiogopa, na mimi hizo mbili siwezi kuchanganya. Ulitaka kumwonyesha baba yako ubaya wake, ukamtumia mwanamke mwingine. Baba yako pia alikuwa na sababu zake.

Usilie ukisoma hapa. Endelea kusoma.

Usinijibu barua hii kabla hujakwenda kwa huyo Waringa. Nenda kwao, mbele ya mama yake. Usibebe mbuzi. Usimpelekee maneno ya Kimanthi, mimi nimeletewa hayo nikasikia vile yalivyo mepesi. Mwambie ulichofanya, ukitaje kwa jina. Halafu kaa chini, na yeye aseme. Akikutukana nyamaza. Na akisema neno la kukucheka, wewe Ndululu, mbele ya watu wa kwao wote, wewe ndiye ucheke wa kwanza.

Mama yako,
Kavata